Jasho na Nguo Yake

Kabla jua halijapanda juu ya paa za Kibera, wakati vibanda vya chai vya Makina vinapoanza kufuka moshi na sauti ya mwadhini imekwisha kunyamaza, hupishana kandokando ya reli watu wa namna mbili ambao mtazamaji wa mbali angewadhani kuwa kundi moja. Wa kwanza ni vijana wakimbiao kwa hiari yao, mmoja mmoja na wawili wawili, wakielekea Jamhuri na barabara ya Ngong. Wa pili ni wafanyakazi waendao kwa miguu hadi Viwandani, mwendo wa saa nzima na zaidi, kwa sababu nauli ya matatu ya kwenda na kurudi ingeumega ujira wao wa siku kabla hawajautia mkononi. Wale huuita mwendo wao mazoezi, na hawa hawauiti chochote ila safari ya kazini, lakini mwili haujui tofauti ya majina: moyo hupiga mbio, misuli hupata moto, jasho hutoka. Nimewaangalia watu hawa kwa miaka mingi, na linalonisikitisha ni kwamba wengi wao, wa hiari na wa lazima, huvaa nguo zinazowatesa kwa joto pasipo wao kutambua kwamba teso lenyewe latoka nguoni.

Pengine msomaji wa Mombasa au Lamu atastaajabu kusikia habari za joto katika mji ulioko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambao mwezi wa Julai wakazi wake hutembea wamejikunyata ndani ya makoti. Lakini joto la Nairobi ni la kujificha. Tangu Januari hadi Machi, kabla ya masika kuanguka, mchana hufika nyuzi 27 na 28 kivulini, na jua la mji huu ulio jirani na Ikweta huchoma kwa ukali wa namna yake, maana Shirika la Afya Duniani hueleza kwamba miali ile isiyoonekana inayounguza ngozi huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila mtu apandapo mita 1,000. Fauka ya hayo, si wengi wa Kibera na Kawangware wapatao kufanya mazoezi chini ya miti. Ziko kumbi, vijana huziita jimu, zilizojengwa kwa mabati juu na mabati ubavuni, ambamo vyuma vya kunyanyua ni mikebe iliyojazwa saruji na kuunganishwa kwa bomba, na mtu aingiaye humo saa nane za mchana mwezi wa Februari hupigwa na joto usoni kama aliyefunua kifuniko cha sufuria.

Ili tujue kitambaa gani chafaa, hatuna budi kwanza kulitazama jasho lenyewe, ambalo watu hulidhulumu kwa kulihesabu kuwa uchafu. Katika nguvu zote anazozitumia mkimbiaji, robo tatu na zaidi hugeuka joto, na joto hilo lisipopata njia ya kutoka humwangusha mwenyewe. Jasho ndilo njia. Walakini si kutoka kwake kunakopoza, bali kukauka kwake: lita moja ya jasho inapogeuka mvuke juu ya ngozi huondoka na joto ambalo, lau lingekusanywa chini ya sufuria, lingetosha kuchemsha zaidi ya lita saba za maji. Tone lidondokalo chini kabla ya kukauka limekwenda bure, na tone lililofungiwa ndani ya nguo nzito limekwenda nusu bure.

Jambo hili lilidhihirika mbele ya ulimwengu wote usiku wa tarehe 27 Septemba 2019, huko Doha nchini Qatar, ambako mbio za marathoni za wanawake za ubingwa wa dunia zilianzishwa karibu na saa sita za usiku kwa kulikwepa jua, na hata hivyo, kati ya wakimbiaji 68 walioondoka, 28 hawakumaliza. Aliyeshinda alikuwa Mkenya, Ruth Chepngetich. Joto la usiku ule lilizidi nyuzi 30, lakini adui mkubwa alikuwa unyevu wa hewa, kwani hewa iliyokwisha kushiba maji hulikatalia jasho nafasi ya kukauka. Sisi wa Nairobi tumejaliwa hewa kavu katika miezi yetu ya joto, hewa ambayo hulichukua jasho upesi hata mtu asitambue kwamba limemtoka. Na ni hasara iliyoje, mtu aliyepewa hewa njema namna hiyo, kujivika nguo isiyopitisha upepo na kujitengenezea Doha ndogo baina ya kitambaa na ngozi yake!

Sasa tuingie katika vitambaa. Watu wa mwambao na pamba ni marafiki wa tangu kale: kanga, kikoi, shuka na bafta vyote ni vya pamba, na hata kile kitambaa kigumu kisichotiwa rangi, kilicholetwa Unguja na merikebu za Salem, Marekani, katika karne ya 19 na kuitwa marekani kwa sababu ndiko kilikotoka, kilikuwa cha pamba. Kwa hiyo imani kwamba pamba ndiyo nguo ya joto imeota mizizi mioyoni mwetu, nayo si imani ya bure, maana kwa mtu aliyeketi barazani au atembeaye kwa utaratibu, pamba nyembamba ni rehema. Lakini uzi wa pamba una tabia moja ambayo mkimbiaji lazima aijue: hunywa maji. Hata ukiwa mkavu wa kushikika, katika hewa ya kawaida, kilo moja ya pamba huwa imeficha ndani yake kiasi cha gramu 85 za maji, ilhali kilo ya poliesta huwa na gramu 4 tu hivi. Jasho likiwa dogo, pamba hulipokea na kulitoa nje bila taabu. Likiwa jingi, uzi huvimba, matundu ya kitambaa huziba, na fulana hulemea na kugandamana na mgongo.

Poliesta, iliyobuniwa Uingereza mwaka 1941 na wanakemia John Rex Whinfield na James Tennant Dickson, hainywi. Jasho hupanda katikati ya nyuzi zake kama mafuta ya taa yapandavyo katika utambi wa kandili, likafika upande wa nje, likatandaa, likaguswa na upepo, likaondoka. Nailoni iko baina ya hizo mbili, ila huelekea zaidi upande wa poliesta. Na zile nyuzi zivutikazo kama mpira, ziitwazo spandeksi, hutiwa kidogo tu ili nguo ifuate mwendo wa kiungo, na zikizidi hufanya suruali iwe gamba.

Nilifunzwa tofauti hii na mwili wangu mwenyewe. Jumamosi moja ya Februari nilifuatana na vijana wa Kawangware tangu Gatina hadi barabara ya James Gichuru, ambako kuna miti na njia za waendao kwa miguu, nami nilikuwa nimevaa fulana nene ya pamba niliyoipenda kwa ulaini wake. Tulipogeuka kurudi ilikuwa imenishika kifuani kama mkono wa mtu asiyetaka niende. Mshono wa kwapani ulikuwa umekwisha kunichubua, na upepo wa asubuhi ulipovuma juu ya kitambaa kilichorowa, mimi niliyekuwa nikitokota muda mfupi uliopita nilianza kutetemeka. Nyumbani niliikamua juu ya beseni, yakatoka maji ya nusu kikombe cha chai. Kijana aliyekuwa kando yangu alivaa jezi kuukuu ya mpira, iliyofumwa mithili ya wavu na kupauka namba mgongoni, naye alikuwa mkavu kabla hatujafika steji ya matatu za namba 46. Hakuwa na mapafu bora kuliko yangu kwa kadiri ile tuliyoachana. Alikuwa na kitambaa bora.

Hata hivyo nisije nikaeleweka kwamba kila kiitwacho poliesta ni chema. Bitana ya koti ni poliesta pia, nayo, kwa kuwa imefumwa kwa kubanana na kulainishwa kama kioo, haipitishi upepo wala haina njia ya kulipandisha jasho, na mtu aivaaye katika jua hujuta. Namna kitambaa kilivyofumwa ina uzito kama uzi wenyewe, na pengine zaidi. Kwa sababu hiyo mimi simlaumu mama aendaye Viwandani kwa miguu akiwa na blauzi ya pamba nyepesi iliyolegea, kwani mwendo wake ni wa kiasi, hewa ni kavu, na nguo yake hupumua. Mchanganyiko wa pamba na poliesta ulio mwembamba wamfaa vilevile, nao hukauka upesi zaidi ukifuliwa jioni. Kitani hupitisha upepo vizuri mno lakini hukunjamana na ni adimu. Zile fulana zinazouzwa kwa jina la mianzi, aghalabu nyuzi zake zimeyeyushwa kwa dawa kiwandani na kusokotwa upya. Ni laini na baridi mkononi, ila hunywa maji kuliko pamba.

Liko jambo moja ambalo siwezi kulipita kwa haraka, kwa kuwa nimeliona Kibera na nimeliona Kawangware, na kila nilionapo moyo hunienda mbio. Wako watu, hususan wanaotaka kupunguza tumbo na mabondia wanaotaka kushuka uzani, ambao katika jua la mchana huvaa koti la mvua, au hujifunga karatasi ya plastiki kiunoni na kuvaa sweta juu yake, kwa itikadi kwamba jasho ni mafuta ya mwili yanayoyeyuka. Jasho ni maji na chumvi. Kilo iliyopungua katika mzani kwa njia hiyo hurudi yote mtu anywapo maji, na asipoyanywa huilipa figo na moyo wake. Mwishoni mwa mwaka 1997, nchini Marekani, wanamieleka watatu wa vyuo walikufa katika muda wa majuma machache wakijikamua jasho ndani ya mavazi yasiyopitisha hewa ili watimize uzani wa mashindano, na mavazi ya namna hiyo yakapigwa marufuku katika mieleka ya vyuo. Hawa walikuwa vijana wenye afya, wenye walimu na madaktari karibu yao. Basi wewe unayemwona mwenzako uwanjani amejifunga plastiki, mwambie, na akianza kupepesuka, kutapika au kusema maneno yasiyopangika, usingoje: mwingize kivulini, mvue nguo, mmwagie maji mwili mzima, mpepee kwa chochote kilicho mkononi, na mtu mmoja akimbie kutafuta gari la kumpeleka hospitali.

Tukirudi kwenye vitambaa, poliesta nayo ina aibu yake, yaani harufu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent nchini Ubelgiji walichapisha mwaka 2014 habari za fulana za watu 26 waliofanya mazoezi ya baiskeli, na zilipochunguzwa siku iliyofuata, za poliesta zilinuka vibaya kuliko za pamba, kwa kuwa bakteria wa jamii ya Micrococcus walikuwa wamestawi humo. Katika nyumba ya chumba kimoja, ambamo nguo, chakula na malazi hukaa pamoja, jambo hili si dogo. Lakini kuna mizani ya upande wa pili: Kibera maji hununuliwa kwa mtungi wa lita 20, na siku mifereji inapokauka bei ya mtungi hupanda, na fulana ya poliesta hufulika kwa maji kidogo, hukamulika kwa mikono miwili, na ikianikwa usiku juu ya kamba ndani ya nyumba huwa kavu alfajiri, hali ile ya pamba nene ingali ikichuruzika. Dawa yake ni kuifua jioni ileile, sabuni ikiwa kidogo, pasipo ile dawa ya kulainisha nguo yenye manukato, ambayo huacha utando wa mafuta juu ya nyuzi na kuuziba utambi wetu. Pasi ya makaa isiikaribie kabisa.

Katika habari za rangi, watu wengi husema nyeupe na kumaliza maneno, nao hawakukosea kwa nguo inayogusa mwili, maana nyeusi hulivuta jua. Ila mwaka 1980 jarida la Nature lilitoa habari za majaribio yaliyofanywa katika jangwa la Negev, ambako mtu alisimamishwa juani mara akiwa na joho jeusi la Mabedui na mara akiwa na jeupe, na joto lililofika ngozini likawa sawasawa. Joho jeusi lilipata moto zaidi, naam, lakini kwa kuwa lilikuwa pana, upepo uliopita baina ya nguo na mwili uliuchukua moto ule kabla haujafika. Wazee wa pwani waliovaa kanzu pana walilijua hili bila kipimo chochote. Mkimbiaji hawezi kukimbia na kanzu, lakini aweza kuchagua fulana iliyo pana kwa kipimo kimoja, yenye shingo iliyo wazi na mikono isiyobana, na hapo hata rangi ya kijivu au ya samawati haitamdhuru.

Jambo hili nimelifikiria sana kwa ajili ya mabinti wa Kinubi wa Makina, ambao mababu zao, askari wa Kisudani wa jeshi la Mwingereza, ndio waliokifungua Kibera na kukipa jina lenye maana ya msitu katika lugha yao. Binti anayependa mpira na anayependa stara yake hana sababu ya kuchagua kimoja na kukiacha cha pili. Hata Shirikisho la Kandanda Duniani, FIFA, liliruhusu kichwa kufunikwa uwanjani tangu mwaka 2014. Kinachomtesa ni kitambaa. Ushungi wa kawaida wa nailoni nene hufunga joto kichwani na shingoni, mahali ambapo jasho lina kazi kubwa. Kumbe ushungi ulioshonwa kwa jezi nyembamba ya matundu madogo, wa kipande kimoja usiohitaji pini, na mikono mirefu ya kitambaa hichohicho iliyolegea, humwacha apumue na pia humkinga na jua. Fundi yeyote wa cherehani wa Makina aweza kuushona kwa jezi kuukuu mbili, na bei yake ni ya kuelewana.

Twende basi sokoni Toi, kwa kuwa huko ndiko wengi wetu tununuako. Soko hili lililoegemea ubavu wa Kibera liliteketea katika machafuko yaliyofuata uchaguzi mkuu wa Desemba 2007 na likainuka. Na mwaka 2020, serikali ilipozuia mitumba isiingie nchini tangu mwezi Machi hadi Agosti kwa hofu ya korona, meza zake nyingi zilikaa tupu. Mtumba wa nguo za mazoezi, ambao aghalabu huwa wa kilo 45, hufunguliwa mapema, na wenye macho mepesi huwa wamesimama tayari. Zile bora zaidi huitwa kamera, nazo hutundikwa juu. Zilizochaguliwa na kubakia huitwa fagia, na hutupwa lunduni kwa bei ya chini. Mnunuzi mgeni hutafuta nembo. Mimi nashauri asiitazame nembo hata kidogo kabla hajaipitisha nguo mikononi, kwani ndani ya fagia nimepata jezi zilizonihudumia miaka mitatu, na ndani ya kamera nimeona koti za bei kali zisizofaa ila kwa baridi ya ughaibuni.

Kwanza ishike nguo mbele ya jua, utazame kama mwanga unapenya katika matundu yaliyolingana. Kisha ikunje mara moja, uiweke mdomoni na kupuliza: pumzi ikipita na kugonga kiganja upande wa pili, jasho nalo litapata njia, ikirudi usoni mwako, iache. Pitisha kidole katika mishono ya kwapa na ya mapaja, kwa sababu mshono uliotuna utakuchubua kabla ya nusu ya safari. Soma lebo ikiwapo, na usibabaike na lugha: Baumwolle ya Wajerumani, coton ya Wafaransa na algodón ya Wahispania zote ni pamba. Ikiwa imekatwa, omba uzi mmoja wa pindoni na uuchome: pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu, poliesta hunywea, hutoa moshi mweusi na kuganda kitone kigumu, na sufu hunuka nywele zilizoungua.

Juma lililopita nilikwenda na kijana wa jirani yangu, anayejiandaa kwa mbio za shule, na mama muuzaji akamtolea fulana mbili, moja nyekundu yenye nembo kubwa na moja ya rangi ya mchanga isiyo na alama yoyote. "Hii nyekundu ni kamera, mwanangu," akamwambia. Nilimwomba mama ruhusa, akanipa maji kidogo katika kifuniko cha chupa yake, nikachovya kidole na kudondosha tone moja juu ya kila fulana. Juu ya ile nyekundu tone lilisimama, duara, likimeremeta kama jicho la samaki, nasi tukalingoja, lisiende kokote. Juu ya ile ya mchanga lilitoweka mara moja, likaacha doa lililokuwa likipanuka polepole hadi ukubwa wa shilingi arobaini, na tulipokuwa tungali tukitazama, upepo wa kutoka upande wa reli ukapita mezani na doa likaanza kufifia pembezoni. Mama yule aliinama akalitazama kwa muda, kisha akaivuta ile fulana ya rangi ya mchanga, akaikung'uta, na kuitundika juu, mahali pa kamera. Ikabidi kijana ainunue upesi kabla bei haijabadilika.